Kuusoma mto na bonde lake: mwongozo kamili kwa mfano wa Rufiji

Muulize mtu maji ya mto Rufiji yanatoka wapi. Akiwa na ramani mkononi, kidole chake kitakimbilia tawi la Ruaha Mkuu. Si ajabu. Kidakio cha Ruaha Mkuu, yaani eneo linaloulisha, kina kilomita za mraba 83,970, karibu nusu ya bonde zima lenye kilomita za mraba 177,420. Lakini Ruaha huleta takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Kilombero, wenye kidakio kisichofika robo ya bonde (kilomita za mraba 39,990), huleta asilimia 62 hivi. Luwegu wenye kilomita za mraba 26,300 huleta takriban 18, na Rufiji ya chini yenye kilomita za mraba 27,160 huongeza 5 zilizobaki.

Piga hesabu mwenyewe: kilomita moja ya mraba ya Kilombero hutoa maji zaidi ya mara nane kuliko kilomita moja ya Ruaha. Mtu anayeangalia ukubwa wa eneo kwenye ramani bila kuuliza mvua inanyesha wapi, maji yanatuama wapi na nani anayachota njiani, hajausoma mto bado. Mwongozo huu unakupitisha katika kazi hiyo hatua kwa hatua. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu, kiongozi wa jumuiya ya watumia maji, au yeyote anayetaka kuujua mto wake kwa kina. Mfano ni Rufiji kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mto unaweza kukufundisha.

Kwanza, maneno

Neno "bonde" linatuchanganya. Kwa Kiswahili cha kila siku, bonde ni ile sehemu ya chini kati ya milima miwili. Kwa watu wa maji, bonde la mto ni eneo lote ambalo tone la mvua likidondoka, na lisipovukizwa wala kunywewa na mmea, mwisho wake litafika kwenye mto huo. Kilele cha mlima kimo ndani ya bonde, na paa la nyumba yako pia. Sehemu ya bonde inayolisha tawi moja huitwa kidakio. Mstari unaotenganisha bonde moja na jingine ni mgawanyo wa maji.

Mamlaka za maji nazo zinafuata mistari hiyo. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya usimamizi: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Mipaka hiyo haifuati mikoa. Ofisi ya Bonde la Rufiji ipo Iringa, mbali sana na Utete au Ikwiriri kule Rufiji ya chini, na ukishalielewa bonde hutashangaa kwa nini.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kutokea maji

Bonde halina mpaka hadi useme unalipimia kutoka wapi. Ukisimama kwenye daraja fulani na kusema "nataka kujua maji yote yanayopita hapa yametoka wapi", umeshachagua mahali pa kutokea. Ukishuka kilomita kumi, bonde limekuwa jingine kwa sababu matawi mengine yameingia.

Anza na kidogo. Kuanza na Rufiji nzima ni kujichosha bure. Ruaha Mdogo unafaa: unaanzia nyanda za juu za Mufindi, unapita Iringa mjini, kisha unajiunga na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Mahali pa kutokea pawe pale unapoweza kufika kwa miguu na kurudi mara nyingi. Daraja linafaa kuliko ukingo mtupu, kwa sababu utapimia hapo hapo baadaye bila kuingia majini.

Hatua ya 2: Chora mgawanyo wa maji kwa mkono

Kompyuta itafanya kazi hii kwa dakika chache, na tutafika huko. Lakini fanya kwanza kwa penseli. Aliyewahi kuchora bonde moja kwa mkono huiona kompyuta inapokosea. Asiyewahi hulipokea kosa akidhani ni ukweli.

Chukua ramani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja) ya kipimo cha 1:50,000. Kwenye kipimo hicho sentimita 2 za ramani ni kilomita moja ardhini. Soma pembeni mwa ramani tofauti ya kimo kati ya kontua moja na nyingine, kwa maana ramani za zamani na za sasa hazilingani. Kisha:

Paka rangi ya bluu kwenye mito na vijito vyote, hata vile vya nukta nukta vinavyotiririka msimu wa mvua tu. Kazi hii inachosha lakini usiiruke.

Jifunze kutofautisha korongo na mgongo. Kontua zinapovuka kijito hujikunja, na ncha ya mkunjo huelekea kule maji yanakotoka. Kwenye mgongo wa mlima mkunjo huwa wa mviringo zaidi na huelekea chini, kule ardhi inakoteremkia. Ukishaizoea tofauti hii, ramani inaacha kuwa mistari mitupu na milima inaanza kusimama.

Weka alama kwenye vilele vyote vinavyozunguka mito uliyopaka rangi. Sasa anzia mahali pa kutokea maji, panda upande mmoja ukifuata mgongo, kutoka kilele hadi kilele, ukipita kwenye viungo vya chini baina yake, uzunguke hadi urudi ulikoanzia kwa upande wa pili. Mstari wako ukate kontua kwa pembe mraba.

Kanuni isiyovunjwa: mstari wa mgawanyo wa maji hauvuki mto hata mmoja, isipokuwa pale pale pa kutokea. Ukiona umevuka kijito, rudi nyuma. Nimeona michoro mizuri sana, yenye rangi na maelezo, iliyobeba kosa hili. Tawi zima limeachwa nje na hesabu zote zilizofuata zikaharibika.

Mahali pagumu ni tambarare. Kwenye uwanda wa Usangu au delta (pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini), kontua zinakaa mbali mbali na mgongo hauonekani. Hapo ramani peke yake haitoshi. Uliza wenyeji mvua kubwa ikinyesha maji yanakimbilia upande gani. Wakulima wa mpunga wanajua hilo kuliko mchora ramani yeyote, kwa kuwa wao huyaongoza maji hayo kwa jembe.

Kituo kidogo: milima ya karibu na Mbeya

Kabla hujaendelea, tazama ramani ya Mbeya. Sijui mahali pengine nchini panapofundisha mgawanyo wa maji vizuri hivi. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini wa milima ya Uporoto hushuka Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita mabwawa ya Mtera na Kidatu, na kuishia Bahari ya Hindi mbele ya kisiwa cha Mafia. Mvua ya upande wa kusini, kule Rungwe, huchukuliwa na Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Kutoka humo hutoka kwa mto Shire, inaingia Zambezi na kufika Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Na mvua ya upande wa magharibi inayoingia mto Songwe uendao Rukwa haifiki baharini kabisa, kwa sababu Ziwa Rukwa halina njia ya kutokea. Maji yake huishia hewani.

Jihadhari na jina hilo. Songwe ni miwili: mmoja unakwenda Rukwa, mwingine ni mpaka wa Tanzania na Malawi na unaingia Nyasa. Kwenye mito, jina si kitambulisho cha kuaminika. Rufiji wenyewe hauanzi kuitwa Rufiji mpaka Kilombero na Luwegu zikutane karibu na maporomoko ya Shughuli, na Kilombero nao kuna wanaouita Ulanga. Kwa hiyo ukikuta vitabu viwili vinataja urefu tofauti wa mto mmoja, usikimbilie kusema kimoja kimekosea. Uliza kila kimoja kimeanza kupimia wapi.

Hatua ya 3: Pima eneo, hesabu matawi

Kwa ramani ya 1:50,000 yenye gridi ya kilomita moja, kila mraba ni kilomita moja ya mraba. Hesabu miraba iliyomo ndani kabisa ya mpaka wako. Miraba iliyokatwa, hesabu ile ambayo zaidi ya nusu imo ndani na uache ile ambayo chini ya nusu imo ndani. Kwa kidakio cha kilomita za mraba mia kadhaa, makosa ya kuzidi na kupungua hufutana vizuri.

Kisha panga matawi kwa daraja. Kijito kisicho na tawi lolote ni daraja la 1. Viwili vya daraja la 1 vikikutana, mkondo unaotoka ni daraja la 2. Vya daraja la 2 viwili vikikutana, unapata daraja la 3. Lakini cha daraja la 1 kikiingia kwenye daraja la 2, daraja halipandi. Utaratibu huu unaitwa wa Strahler. Taja kipimo cha ramani uliyotumia kila unapotoa daraja, kwa sababu ramani ya 1:250,000 haionyeshi vijito vidogo, na mto ule ule utashuka daraja moja au mawili.

Jumlisha urefu wa mito yote, gawanya kwa eneo, utapata msongamano wa mito. Miamba isiyopitisha maji na miteremko mikali huzaa vijito vingi vilivyosongamana. Ardhi ya mchanga huyameza maji na kubaki na mito michache. Bonde lenye vijito vingi hujaza mto haraka baada ya mvua, na hilo watu wa chini wanahitaji kulijua.

Hatua ya 4: Fanya tena kwa kompyuta

Mwezi Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kimo cha ardhi kwa rada. Data hiyo, SRTM, inapatikana bure kwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja, na kila nukta yake ni kama mita 30. QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo ni ya bure.

Pakua vipande vinavyofunika kidakio chako pamoja na ziada pande zote. Mgawanyo wa maji ukigusa ukingo wa picha, jibu ni batili. Viunganishe viwe kimoja. Vigeuze kutoka digrii kwenda mita. Hapa pana mtego kwa watu wa Rufiji: mpaka wa kanda mbili za UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) unapita kwenye longitudo 36 Mashariki, ndani ya bonde. Iringa mjini ipo kanda ya 36 Kusini, Kidatu ipo kanda ya 37 Kusini. Kwa Ruaha Mdogo kanda ya 36 inatosha. Kwa bonde zima tumia makadirio ya Albers, njia ya kuilaza dunia kwenye karatasi inayotunza eneo, la sivyo kilomita zako za mraba zitapotoka.

Kisha, humo QGIS, tumia zana ya GRASS iitwayo r.watershed. Itaangalia kila nukta na kuamua maji yake yanatiririkia nukta gani jirani, halafu ihesabu ni nukta ngapi zinazomimina kwenye kila moja. Zile zenye hesabu kubwa ndizo mito. Chukua ramani ya mielekeo iliyotoka humo, iweke kwenye r.water.outlet pamoja na kuratibu za mahali pako pa kutokea, na bonde litatoka limechorwa. Kuratibu ziangukie juu ya mkondo wenyewe kama kompyuta inavyouona. Ukikosea kwa nukta mbili tu, utaletewa bonde la ukubwa wa shamba.

Linganisha na mchoro wa penseli. Pale visipokubaliana, usiiamini kompyuta moja kwa moja. Rada ya SRTM mara nyingi ilipima majani ya miti badala ya ardhi, kwa hiyo msitu mnene au mikoko huonekana kama kilima. Mabwawa huonekana kama sakafu bapa. Na kwenye tambarare, tofauti ya mita moja au mbili, ambayo ni ndogo kuliko kosa la data yenyewe, ndiyo inayoamua maji yaende wapi.

Hatua ya 5: Chora mteremko wa mto

Kwenye karatasi ya grafu, mhimili wa chini uwe umbali kutoka chanzo, mhimili wa kusimama uwe kimo. Kila kontua inapouvuka mto, weka nukta. Unganisha.

Ruaha Mkuu unatoa picha ya ngazi. Unaanzia milimani zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unaporomoka hadi uwanda wa Usangu ulio juu kidogo ya mita 1,000, unatambaa humo, unashuka tena hadi Mtera karibu mita 700, kisha Kidatu karibu mita 450, halafu unaangukia tambarare za Kilombero. Kila mahali mstari unaposimama wima, utakuta maporomoko au bwawa la umeme. Kidatu, megawati 204, lilianza miaka ya 1970 pale mto unapoacha nyanda za juu. Kihansi, megawati 180, lipo kwenye ukingo ule ule wa Udzungwa. Na kila mahali mstari unapolala, utakuta ardhi oevu, mpunga, ng'ombe na ndege. Grafu moja inakueleza kwa nini umeme upo huku na chakula kipo kule.

Ukingo huo una jambo jingine la kupendeza. Pale Mufindi, matone mawili yanaweza kuangukia pande mbili za mgongo mmoja. Moja linakwenda Ruaha Mdogo, linapita Iringa na Mtera. Jingine linaporomoka moja kwa moja kwenda Kilombero. Yatakutana tena juu kidogo ya bwawa la Julius Nyerere, moja likiwa limezunguka mamia ya kilomita.

Hatua ya 6: Pima maji yenyewe

Bila kipimo cha mtiririko, yote yaliyotangulia ni umbo tu. Njia nyepesi ni ya kuelea. Chagua sehemu ya mto iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa, yenye urefu wa mita 20 hivi. Pima upana. Pima kina mara kadhaa toka ukingo hadi ukingo, chukua wastani. Upana mara kina ndiyo eneo la mkato. Tupia kitu kinachoelea huku kimezama nusu, chungwa linafaa kuliko kijiti kwa kuwa upepo haulisukumi. Hesabu sekunde. Rudia mara tano au zaidi, katikati na pembeni.

Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi kwa 0.85. Tuseme upana ni mita 12, kina cha wastani mita 0.8, na chungwa limetumia sekunde 25 kwa mita 20. Eneo ni mita za mraba 9.6. Kasi ya juu ni mita 0.8 kwa sekunde, ya wastani ni 0.68. Mtiririko ni mita za ujazo 6.5 kwa sekunde.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Kwenye Ruaha, Kilombero na Rufiji kuna viboko na mamba, hata pale maji yanapoonekana kimya. Usiingie mtoni kupima. Tumia daraja, teremsha kamba yenye uzito kupima kina, na usiende peke yako. Mto ukiwa umejaa na una rangi ya udongo, pima kimo tu kwa nguzo yenye alama kisha uondoke.

Nguzo hiyo ndiyo siri ya kazi ndefu. Ukishapima mtiririko mara nyingi kwa vimo tofauti, chora kimo dhidi ya mtiririko. Baada ya hapo kusoma kimo peke yake kunatosha. Mchoro unakupa mtiririko. Angalizo: mafuriko yakibadili sakafu ya mto, mchoro wa zamani umekufa, anza upya.

Hatua ya 7: Linganisha mvua na mto

Kumbuka kipimo hiki kimoja: milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kidakio cha kilomita za mraba 100 kikipata milimita 1,000 kwa mwaka kimepokea mita za ujazo milioni 100. Ikiwa mto unatoa wastani wa mita za ujazo 0.8 kwa sekunde, kwa mwaka ni kama milioni 25. Robo imefika mtoni. Robo tatu ziko wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi yote, na Ruaha ndiyo jibu la kusikitisha. Nyanda za juu zinazoulisha mto hupata mvua nzuri, lakini sehemu kubwa ya kidakio chake ni kavu, penye jua kali, na mvua huja msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili hivi. Maji yakishuka Usangu hutandazwa kwenye tambarare na kuvukizwa. Mtera, bwawa lenye zaidi ya kilomita za mraba 600 likijaa, nalo linapoteza mengi hewani. Kilombero ni kinyume: milima ya Udzungwa na nyanda za juu nyuma yake zinakamata mawingu ya unyevu, misitu inaachia maji polepole, na mito kama Mnyera, Ruhudji na Mpanga inashuka kwa mkondo mfupi hadi uwandani.

Hatua ya 8: Tafuta vizingiti na wachotaji

Tembea kando ya mto, ama utumie picha za satelaiti, uandike kila mahali maji yanapozuiwa au kuchukuliwa: mabanio, mifereji, pampu, mabwawa, ardhi oevu. Andika pia mwezi. Mfereji mmoja Machi si kitu; mfereji ule ule Oktoba unaweza kuwa mto wote.

Usangu inaeleza hili waziwazi. Mito inayotoka milimani, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, hukusanyika katika ardhi oevu ya Ihefu. Njia pekee ya kutokea ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kimo cha mwamba huo, mto hautoki. Haupungui kidogo kidogo bali unakatika. Tangu miaka ya 1990 mapema, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, huku viboko wakisongamana kwenye madimbwi yaliyobaki. Sababu kubwa ni maji ya kiangazi kuchepushwa kwenda mashambani kabla hayajafika Ihefu. Tarakimu ya mwaka mzima isingekuonyesha hili hata kidogo. Ndiyo maana napenda watu wachore mtiririko wa kila mwezi, si wastani wa mwaka.

Kihansi ni somo la aina nyingine. Chini ya maporomoko yake aliishi chura mdogo asiyepatikana kwingineko duniani, aliyetegemea manyunyu ya maji yaangukayo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini, akabaki wale waliofugwa. Kwa hiyo orodha yako ya wachotaji isiishie kwa binadamu. Andika pia viumbe wanaoishi kwa maji hayo.

Katika hatua hii tazama kingo vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima mita 60 mahali kadhaa uandike unachokikuta.

Hatua ya 9: Fuata mto hadi unapoishia

Rufiji hauna mdomo mmoja. Unagawanyika katika delta yenye mikondo mingi, kama Simba Uranga na Kikunya, iliyozungukwa na msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya pwani ya Tanzania. Mikondo hiyo ni tata kiasi kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo kwa miezi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hadi Julai 1915.

Delta haitulii. Miaka ya 1970 mkondo mkuu ulihamia upande wa kaskazini. Maji baridi yakaongezeka huko, watu wakafyeka mikoko na kulima mpunga, na upande wa kusini chumvi ikapanda. Ramani ya delta ya miaka 50 iliyopita ni kumbukumbu, si mwongozo. Linganisha picha za satelaiti za miaka tofauti, zote za kimo kimoja cha bahari, maana maji kupwa na kujaa hubadilisha ufukwe kwa saa sita.

Hapa ndipo utaona kinachobebwa na mto zaidi ya maji. Mafuriko ya kila mwaka yalikuwa yakileta tope jipya kwenye mashamba, na wakulima wa Rufiji wakilima mlau, yaani kupanda maji yakishapungua, wakitumia unyevu uliobaki ardhini. Kamba wa delta na mikoko yenyewe hutegemea mchanganyiko ule ule wa tope, maji baridi na chumvi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na lipo chini ya makutano ya Ruaha na Rufiji, yaani karibu maji yote ya bonde hupita hapo. Tope linalotulia bwawani halifiki mashambani wala kwenye mikoko. Lakini mvua nyingi bado zinaweza kuzamisha Rufiji na Kibiti, kama ilivyotokea Aprili 2024.

Ukifika delta, chukua vipimo vitatu: kimo cha maji, chumvi, na ukungu wa maji (jinsi yalivyochafuka kwa tope). Ukungu unapimika kwa sahani nyeupe iliyofungwa kamba: iteremshe hadi isionekane, soma kina. Chumvi inahitaji kipimo kidogo cha mkononi. Pima wakati wa bamvua (bahari inapopanda na kushuka sana) na wakati wa maji mafu (inapopanda na kushuka kidogo), kisha rudi Mei mto ukiwa umejaa, na Oktoba ukiwa umepungua kabisa. Andika tarehe, saa na hali ya bahari kila mara, na kila pointi uipe jina lile lile wanaloliita wavuvi wa hapo, ili atakayekuja baada yako aweze kusimama pale pale uliposimama.